Jani Lililotambaa Juu ya Mwanao

Mpendwa mdogo wangu Domina,

Sijui kama ulifika kwenu salama, wala kama barua hii itakukuta. Nakuandikia kwa sababu lile jani la kutambaa, mnaloliita uruteja, limenitia hofu.

Unakumbuka ulipokuja Mabawe mara ya kwanza kutoka kambi ya wakimbizi, ukaomba kunilimia nikupe viazi? Ulinisalimia, "Shikamoo, mama," nikacheka, maana nimekuzidi miaka mitatu tu. Tukawa ndugu. Mwanao alipofariki kabla hajapewa jina, ulikataa azikwe kambini, walikokuwa wakizika mtu juu ya mtu. Tukamlaza kwenye kona ya shamba la wakwe zangu, sisi wawili tu. Nilijua vizuri kwamba mgeni hazikwi kwenye kibanja cha ukoo. Nilikubali, na sijuti.

Wewe ndiye uliyepanda uruteja pale, ukashindilia udongo kwa kisigino. "Hili likishatambaa halikomi, dada. Jembe litapita mbali." Nikaapa kulilinda. Kisha mkaamriwa kurudi, mkashuka na mafurushi kuelekea mpakani Rusumo, na sikupata hata nafasi ya kukushika mkono.

Limetambaa kweli. Kiangazi hiki maharage yamekauka na milima imebaki upara kwa kuni za kambi, lakini kona ile ni kijani kibichi, na kila asubuhi inatoa maua ya bluu. Baba mkwe anaugua tangu mvua ziishe. Mbuzi wawili wamekufa. Jana walimleta mganga, akazunguka shamba lote, akasimama pale pale penye maua.

"Kuna mgeni amelala hapa. Mtoeni, mzee atapona."

Mama mkwe hakumtazama mganga, alinitazama mimi. Watachimba Jumamosi.

Nikisema ukweli, watamtoa wamtupe porini. Lakini mtoto wa nyumba hii hafukuliwi, hata kama alizikwa kimakosa. Kwa hiyo, kabla hawajainua jembe, nitasema ni wangu: nilijifungua kabla ya wakati, mume wangu akiwa kwenye biashara zake Kabanga, nikaficha kwa woga. Mwanamke anayemzika mtoto wa ukoo bila kuwaambia wakubwa hurudishwa kwao. Watanirudisha Biharamulo, na wanangu wawili watabaki huku. Naogopa, Domina. Lakini nitasema.

Kaa na amani popote ulipo. Usinitafute tena Mabawe.

Ni mimi,
mama mwenzako