Mshikaki wa Kwenda Maganzo

Mhunze, Kishapu

Mdogo wangu Davis,

Huku tunaendelea. Mvua imegoma, pamba imedumaa, na binti yangu Limi amejifungua mtoto wa kike. Mwanangu Mihayo ametolewa vyuma mguuni, ila goti halikunjiki.

Nimepata ujumbe wako kwamba wewe na wenzako mnarudi kuwafundisha vijana wa bodaboda usalama barabarani, na unataka Mihayo asimame mbele yao awe mfano wa vijana wasiosikia.

Mihayo alisikia. Siku ile ya semina, asubuhi uliwafundisha kwamba abiria ni mmoja, kupakia mshikaki ni marufuku. Jioni ulikuwa unawahi basi Maganzo, ukapanda pikipiki yake pamoja na wenzako wawili. Nilikuwa mlangoni. Alikuuliza, "Mjomba, si umetukataza mshikaki?" Ukacheka: "Ile ilikuwa semina, bwana. Washa!"

Wewe ni mjomba wake. Angekataaje? Mlipoanguka, ninyi mlichubuka tu, mkawahi basi. Yeye aliokotwa na wachunga ng'ombe.

Atakuja. Nimemwambia aeleze yote, kuanzia hilo neno "Washa". Kipaza sauti utampa wewe, nami nitakaa mstari wa mbele nione kama utamnyang'anya.

Dada yako,
Mariana