Ugonjwa wa Mghoi Si Degedege

Nyeri,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Je, mvua imefika huko Taita, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeanza kuizoea, ila asubuhi bado navaa sweta mbili na wenzangu wananicheka, "Wewe Mtaita, leo kuna jua!" Mjomba naye ni mzima, anakwenda kazini kwake katika kiwanda cha mbao kila siku, na anasema nisisahau kukuandikia kwamba ninakula vizuri. Ninakula vizuri.

Mghoi, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Leo usiruke kitu. Utafika mahali utaona jina lako na utataka kunyamaza. Soma tu, mdogo wangu, kwa sauti ile ile.

Mama, katika barua yako ya mwisho uliniambia Mghoi ameacha shule kwa sababu mwalimu amechoka naye. Anaangusha kalamu, anakunja uso darasani kama anayemdhihaki, anachapwa na hakomi, na nyumbani amevunja chupa ya chai ya Bibi. Yeye ndiye aliyeandika maneno yako, na mwandiko wenyewe ulinishangaza. Mghoi alikuwa akiandika vizuri kuliko mimi. Sasa herufi zimepanda na kushuka, nyingine zimetoka nje ya mstari, na mahali pawili kalamu imetoboa karatasi. Ulisema anaandika hivyo kwa kiburi. Mimi pia nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mtoto ameharibika tangu niondoke. Nimeionea haya hasira ile tangu Alhamisi.

Nilikuambia kwamba kazi yangu hospitalini ni kupiga deki na kugawa uji. Mwezi huu Sista Nyambura, mkubwa wa wadi yetu, ameniongezea nyingine. Tuna wagonjwa wengi ambao miili yao haiwatii. Wengine wanakakamaa, wengine wanatetemeka, wengine wanashtuka. Daktari akija kwa dakika tano pengine hauoni ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo nimepewa daftari, nakaa kando ya kitanda, naandika mwili unavyofanya. Ni kazi inayonifaa, kwa maana haitaki maneno mengi mdomoni. Unanijua mimi na watu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili kutoka Mweiga, jina lake Wanjiru. Aliletwa na nyanya yake, ambaye huku wanamwita Cucu. Mikono ya Wanjiru haikutulia hata kidogo. Bega linaruka, vidole vinacheza, uso unakunjika na kukunjuka. Nilimtazama kidogo tu, nikaandika neno moja: degedege. Sista akalisoma, akaniita mbele ya wauguzi wote.

"Wakesho, hii ni nini?"

"Ugonjwa wake, Sista."

"Nani amekuambia?"

"Nyumbani tunauita hivyo."

"Kumbe huko kwenu kila mtu ni daktari!" Wauguzi wakacheka, na masikio yangu yakapata moto. Lakini Sista hakucheka. "Usiniandikie jina. Niandikie umeona nini. Ukishaweka jina, macho yako yanafunga duka na kwenda nyumbani."

Basi nilirudi nikatazama upya. Nimetazama kila siku tangu hapo, na Sista ananifundisha jioni tukikunja mashuka. Degedege, Mama, ni ya watoto wadogo. Homa inapanda, macho yanageuka, mtoto anazimia. Mwenye kifafa huanguka, na akiamka hajui kilichotokea. Mwenye pepopunda alichomwa na msumari au alijikata na jembe, taya zinafunga, mgongo unakakamaa kama ubao, na maskini anajua yote yanayompata. Tuna mzee mmoja ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ameketi tu, lakini akiunyoosha kushika kikombe unatulia. Hayo yote mimi nilikuwa nikiyatia katika kapu moja.

Wanjiru hakuwa na lolote kati ya hayo. Hana homa. Haanguki. Anajibu ukimwuliza, na anatania. Akilala usingizi mwili wote unatulia, akiamka unaanza tena.

Alhamisi Daktari alikuja. Ni Mhindi aliyezaliwa papa hapa mjini, baba yake ana duka la vitambaa, na Kikikuyu anakijua kabisa. Alimpa Wanjiru vidole vyake viwili akamwambia avibane bila kuachia. Wanjiru alibana, akalegeza, akabana, akalegeza, bila kukusudia. Cucu akashika kichwa.

"Ngai! Daktari, huyu anakamua wewe! Ati vidole yako ni ng'ombe?"

"Na hata maziwa hakuna, Cucu," Wanjiru akasema.

Wadi nzima ilicheka, na Daktari zaidi ya wote. Akamwambia Cucu kwamba madaktari wa zamani waliona jambo hilo hilo, mkono unaobana kama wa mkamuaji, wakaliandika vitabuni. Kisha akamwambia Wanjiru atoe ulimi na asiurudishe. Haukukaa nje. Mwishowe akampa karatasi aandike jina lake.

Mama, nilisimama. Herufi zilipanda na kushuka, zikatoka nje ya mstari, na kalamu ikatoboa karatasi.

Unajua sijawahi kumsemesha daktari. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Nina mdogo wangu." Wote wakageuka. Nilitamani kuingia chini ya kitanda, lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Daktari aliniuliza kama Mghoi aliumwa koo miezi michache iliyopita. Nikakumbuka Krismasi. Aliuliza kama magoti yalivimba. Nikakumbuka goti la kulia, halafu la kushoto, halafu kifundo cha mguu, na wewe ukimkanda kwa maji moto.

Ugonjwa huu vitabuni unaitwa korea. Si pepo, si kiburi, wala si degedege. Unaanza kwa koo lililoachwa bila dawa. Mtikisiko wenyewe huisha baada ya wiki au miezi, mgonjwa akipumzika kitandani. Lakini koo lile lile linaweza kuuma moyo kimya kimya, na kila likirudi linauma zaidi. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka.

Najua neno hilo litakufanya uinuke kwenye kiti. Sindano.

Nakumbuka kila kitu, Mama. Yule dresa, mhudumu wa zahanati, alikuwa ameshaitayarisha wakati ule wa Krismasi, na Bibi akasema mtoto anashtuka kwa homa, hiyo ni degedege, na degedege ikikutana na sindano mtoto hufa. Ukamfunika Mghoi kanga ukamrudisha nyumbani. Sikulaumu. Ulikuwa unamkumbuka mwanao, Mnjala wetu, aliyedungwa asubuhi akafa kabla ya saa sita. Mimi pia niliamini ni sindano iliyomwua. Nilimwuliza Sista habari zake. Aliniuliza Mnjala alikuwa mgonjwa siku ngapi kabla ya kupelekwa. Nikamwambia nne. Akasema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, sindano ilifika ikiwa imechelewa, na watu huikumbuka sindano kwa sababu ndiyo iliyokuja mwisho. Alisema pia kwamba huku Nyeri kina mama wengi wamemlilia jambo hilo hilo. Nilikwenda chumba cha mashuka nikalia, kwa ajili ya Mnjala na kwa ajili yako.

Sasa nakuomba, usiniamini mimi. Tazama mwenyewe. Mpe Mghoi vidole viwili avibane. Mwambie atoe ulimi ahesabu mpaka kumi. Mtazame akiwa usingizini. Ukiona kama nilivyoona kwa Wanjiru, basi ujue. Na mpaka nifike asibebe maji, asiende kuni, asilime. Alale. Na akikunja uso, asigombezwe na mtu.

Uliandika kwamba Bibi amemwita mganga, na kwamba ngoma ya pepo itapigwa mwisho wa mwezi, Mghoi acheze mpaka pepo achoke. Mama, tafadhali, asicheze. Nilimwuliza Daktari hilo pia. Alisema moyo uliovimba, ukichezeshwa usiku kucha, unaweza kusimama. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Mghoi, umefika hapa? Pole kwa fimbo za shuleni. Na mimi unisamehe, kwa kukufikiria vibaya. Wanjiru anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema ugonjwa huu una faida moja tu, hakuna anayekutuma kuosha vyombo.

Nimeomba ruhusa ya siku sita. Nilikaa mlangoni kwa Sista muda mrefu kabla ya kubisha, na nilipoingia nilisema yote kwa pumzi moja. Akanipa barua ya Daktari ya kupeleka hospitali kubwa ya huko, ili Mghoi apimwe moyo na aanze dawa bila kuzungushwa. Mjomba ameshanikatia tiketi ya gari moshi.

Nisalimie Baba atakapotoka shamba la mkonge, umwambie naomba radhi kwa kuamua haya yeye hayupo. Salamu kwa Shangazi mshonaji, nguo yake bado ninaivaa kanisani. Mwalimu wa Mghoi nitamsalimu mwenyewe nikifika, kwa maana nina la kumwambia. Na Bibi umpe heshima zangu zote. Msomeeni barua hii mpaka mwisho, hata akikasirika.

Nitashuka Voi Jumamosi asubuhi na nitakuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Bibi akiwa amekaa mlangoni, nitapiga magoti nimwamkie kama ulivyonifunza. Nitamsikiliza mpaka amalize. Kisha nitaingia ndani nimchukue Mghoi, twende hospitali.

Ni mimi bintiyo anayekupenda,
Wakesho