Injini Uliyodhani Umeiua

Kaka Omuse,

Mama amenikataza kukupigia simu kabla sijatulia, eti nitalia na wewe utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Gari limetembea. Lile la bluu, na injini ile ile ya silinda sita, na turbo ile ile kubwa kama sufuria ya matanga. Limetoka Malaba hadi Chakol likarudi, na halikufa.

Nimefurahi mpaka naogopa kukaa kitako. Lakini kuna neno limenikaa kooni miaka minne, na leo lazima nilitoe.

Unakumbuka tulivyojifunza kazi? Wenzetu walijifunzia gereji, sisi tulijifunzia kwenye foleni ya malori mpakani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Mama anataka nisomee ushonaji, ukamwambia, "Mama, mkono ni mkono. Huyu atashona chuma." Tukawa tunalala chali chini ya lori linalovuja oili, na foleni ikisogea unapiga bodi kofi: "Toka, inasonga!" Tunatoka mbio, lori linaenda hatua ishirini, tunarudi chini tena. Madereva wa Uganda walikuwa wananichungulia, wakinisihi kwa Kiswahili cha kwao. "Nnyabo, fanya haraka bambi, hawa watanipita." Nani angepata wakati wa kukata gasketi ya karatasi? Tulikuwa tunapaka silikoni ya kuziba, tena nene, tunakaza boliti, lori linaondoka. "Paka mingi, foleni haingoji," ulikuwa unasema. Na malori yalivumilia, maana njia zake za oili ni pana.

Kisha ukaanza ndoto yako. Ulikusanya pistoni ngumu, konrodi nene, na turbo uliyoifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Ulipomwambia Mzee Etyang, jirani yetu, kwamba injini itakuwa na nguvu ya farasi mia tano, alikuangalia kwa huruma. "Farasi mia tano? Na hapa hata ng'ombe wangu wawili hawashibi?" Ulicheka mpaka ukakalia tairi.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa upole ule. Kila beringi uliipima mara mbili, nami nikiandika vipimo kwenye kipande cha katoni. Siku ya kufunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilibidi uende Busia kutafuta mpira wa maji, ukaniachia kazi. "Silikoni nyembamba kama uzi," ukaniambia. "Hii si lori."

Nilisikia, Kaka. Lakini mazoea yana taabu. Mkono wangu ulipaka vile ulivyozoea kupaka, na niliposhtuka nilikuwa nimemaliza tyubu nzima. Nikajiambia haidhuru, nikafunga. Uliporudi ukakuta sampu imekaa vizuri, ukanipiga bega, "Fundi!" Nikaona haya kidogo, nikanyamaza.

Asubuhi ya kulijaribu gari ulizungusha skrubu ya kuongeza upepo wa turbo nusu mzunguko, ukaiwekea alama ya rangi ya njano. Tulikuwa bado hatujafika Chakol injini ilipoanza kugonga, kisha ikakwama, ikanyamaza. Watu wakajaa. Mmoja akitafuna muwa akasema, "Boss, umeipea upepo mob sana." Uliweka mikono juu ya boneti, ukainamisha kichwa. "Nimeiua," ukasema. "Tamaa yangu imeiua."

Nilikuwa nimesimama karibu nawe hivi, nikifikiria ile tyubu tupu, na sikusema kitu.

Haikupita miezi mingi ukaniachia spana zako zote, ukaenda Ghuba kulinda milango ya watu. Injini tuliifunika turubai. Waliouliza niliwaambia vipuri ni ghali, lakini huo ulikuwa uongo. Niliogopa kuifungua. Ikiwa imefungwa, kosa lingeweza kuwa lako, na mimi ningeweza kulala.

Mwaka huu Mama akaniambia mliongea. Akanisimulia kwamba jenereta ya hapo kazini ilizimika kwenye joto kali, watu wakatafuta fundi, na wewe ulisimama kando yake ukawaambia hujui injini. Wewe! Uliyekuwa unajua ugonjwa wa lori kwa kusikia likikohoa kutoka ng'ambo ya daraja! Kesho yake nikatoa turubai.

Pistoni zako zote zilikuwa nzima. Upepo ukizidi, pistoni ndizo hutoboka, na zako zilikuwa safi kabisa. Zilizokufa ni beringi, kwa kukosa oili. Nikaangalia chujio la oili lililo ndani ya sampu, nikalikuta limezibwa na silikoni, vipande vinene vilivyobanduka pale nilipopaka. Nilikaa chini palepale kwenye oili, nikalia.

Krenki nikaipeleka Kisumu kuchongwa, nikanunua beringi mpya, sampu nikaifunga kwa silikoni nyembamba kama uzi. Mafundi wenzangu wakanisihi, "Madam, punguza hiyo boost, huo upepo, ama itakufia tena." Mkono wangu mwenyewe ulitaka kupunguza. Lakini nakujua. Ningeipunguza ikapona, ungesema, si unaona, kumbe upepo ndio ulikuwa mwingi. Kwa hivyo skrubu niliiacha kwenye alama yako ya njano, pale pale. Kama ingekufa tena, basi sote wawili tungekuwa na makosa, na ndoto yako ingekuwa imezikwa na mkono wangu mara ya pili.

Tumeenda leo Jumapili asubuhi, barabara tupu. Mama alikataa niende peke yangu, akapanda na kitabu chake cha nyimbo. Turbo iliposhika, kiti kikamvuta nyuma. "Yesu wangu! Ndio hao farasi?" Nami sikuweza kucheka, macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa oili. Tulipofika pale ilipokufia, nilikanyaga mafuta. Mshale haukutikisika. Tukapita hapo, na injini ikaendelea kuimba mpaka sokoni Chakol.

Nikasimamisha gari, nikamwambia Mama yote. Alifunga kitabu chake cha nyimbo, akasema, "Mwandikie leo. Huyo mtoto amebeba mzigo si wake."

Sasa umeyasikia yote. Nina aibu, sikufichi, lakini nimepumua, Kaka, nimepumua kweli kweli. Sikuombi urudi wala unisamehe upesi. Kukasirika ni haki yako, miaka minne si kidogo, na ulikuwa na mkono ambao sijauona kwa fundi mwingine mpaka leo.

Ukipiga simu, usianze na salamu. Nigombeze. Nitasikiliza mpaka uchoke, sitajitetea. Ukimaliza, naomba kitu kimoja tu. Sema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nikisikia, kwamba hukuiua.

Mdogo wako,
aliyeiua