Karibuni, Leo Tumegoma

Tokyo,
Novemba 2024

Kwako Kaka Kunio,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Chizuko, na kwamba goti lako halijaanza visa vyake vya kila mwaka theluji inapokaribia. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika, lakini kwa miaka yangu sitini na saba, kusimama dukani kutwa, ningeshangaa kama ungenyamaza. Figili zenu za kukausha kwa moshi zimefika. Jirani nilimpa kipande kimoja tu, kwa uchoyo, zilizobaki nikazimaliza mwenyewe. Mwambie wifi kwamba safari hii moshi umekolea sawasawa.

Umeniuliza kama nitakuja kwenye kumbukumbu ya baba ya mwaka wa hamsini, ukihesabu na mwaka wenyewe wa kifo, ambayo ndiyo ya mwisho. Najua umechoka kuuliza. Kwenye kumbukumbu nyingi hukuniona kabisa, na nilizokuja nilikaa karibu na mlango nikaondoka mapema, nikisingizia kazi. Sababu unaijua na mimi naijua, ingawa hatujawahi kuitamka. Baba alipokuwa akikata roho mwaka 1975, mimi nilikuwa nimekalia sanduku langu stesheni ya Ueno hapa Tokyo, msichana wa miaka kumi na minane, na treni za nchi nzima zilikuwa zimesimama kwa sababu ninyi watu wa reli mlikuwa mmegoma. Basi la kuja kwetu halikuwapo, na ndege ilikuwa ya wenye nazo. Wewe ulikuwa dereva wa treni. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa ameshakuwa majivu. Jibu la swali lako nitakupa, ila kwanza nivumilie nikusimulie yaliyotupata dukani.

Labda umeniona kwenye taarifa ya habari. Ndiyo, yule bibi mfupi aliyefunga kitambaa chekundu mkononi ni mimi dada yako. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Wenye duka walikuwa wanaliuza kwa kampuni inayotaka kujaza nusu ya ghorofa zetu televisheni na simu. Kila tulipouliza sisi wauzaji tutawekwa wapi, tulijibiwa kwa heshima kubwa kwamba suala hilo linaangaliwa. Basi chama chetu, ambacho miaka yote kazi yake ilikuwa kutuandalia matembezi ya kutazama maua, kikaitisha kura ya mgomo.

Unakumbuka zamani, kaka? Kila masika ilikuwa migomo: reli, posta, migodi ya makaa, teksi, hata wauguzi. Mama alikuwa ananunua mchele na mafuta ya taa mapema, akiwalaani na kuwaombea heri kwa pumzi moja. Kisha migodi ikafungwa, reli yenu ikagawanywa vipande vipande, wakubwa na vyama wakazoea kumalizana mezani kwa adabu, na mgomo ukapotea taratibu bila mtu kuutangazia msiba. Viwandani ulipungua, bandarini ukapungua, na kwenye maduka kama letu ulishasahauliwa kabisa. Nanami, binti anayeuza vipodozi ghorofa ya chini, alipolisikia neno lenyewe, lile tulilolitoa kwa Waingereza, straiki, alidhani tunazungumzia straiki ya besiboli. Akaniuliza timu gani inacheza.

Mwenyekiti wa chama alipouliza nani kati yetu amewahi kuona mgomo kwa macho yake, nilinyoosha mkono bila kufikiri. Lo! Tangu hapo wakanigeuza mtaalamu. Kitambaa kinafungwa mkono upi? Ngumi inainuliwa kabla ya kupiga kelele au baada? Na tukienda chooni, je, bado tumegoma? Niliwajibu yote. Hawakujua kwamba mambo hayo niliyajua kwa kuyachukia.

Kura nilipiga ya ndiyo. Mimi mzee wangeniaga kwa shada la maua na hotuba. Nanami ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja na mtoto mdogo, na yeye wangemwacha mkataba uishe kimya kimya. Nilipokuwa naikunja karatasi nilikufikiria wewe, na haikuwa kwa wema.

Siku ya mgomo tulifika mapema kuliko siku ya kazi. Tulipiga deki ngazi za nje, tukajipanga mstari mbele ya mlango wa chuma ulioshushwa, nywele zimechanwa, viatu vinang'aa. Mteja wa kwanza alipotokea, Nanami akainama mpaka kiunoni akaita kwa sauti yake ya kazini, "Karibuni sana!" Na sisi wote, kaka, kwa mazoea, tukainama na kuitikia, "Karibuni sana!" Mbele ya mlango uliofungwa, na sisi ndio tumeufunga! Yule mteja akatutazama, akautazama mlango, akauliza, "Sasa niingilie wapi?" Nanami akasema samahani sana, leo tumegoma. Tukainama tena kuomba radhi. Kutwa nzima tuligoma hivyo, tukikaribisha na kuomba radhi. Wapita njia wengine walicheka, wengine walituletea chai ya chupa, na bibi mmoja alinishika mkono akasema alidhani watu wa namna yetu wamekwisha.

Halafu alikuja mwanamke mmoja, wa makamo, amevaa koti la kazini. Mimi nauza nguo za msiba, unajua, na aliponiona alinitambua. Akasema mama yake amefariki Niigata, anaondoka na treni ya saa tisa, na hana nguo nyeusi. Nilimwambia leo tumegoma. Akapandisha sauti. "Siku zote mpo hapa mnatuinamia. Leo ndiyo mmekumbuka kugoma? Leo?"

Yale maneno niliwahi kuyasema mimi, neno kwa neno, kumwambia mtu wa reli pale Ueno, na yeye aliniinamia tu, kitambaa chekundu mkononi. Wenzangu wakaanza kunong'onezana kwamba tungemfungulia mlango wa nyuma, nguo moja tu, nani atajua? Nikawaambia hapana. Tukimfungulia mmoja tutamfungulia na wa pili, na ikifika saa sita wenye duka watasema hawakuona mgomo wowote. Nikamshika mwanamke yule mkono, nikavuka naye barabara hadi kwa washindani wetu. Nilimchagulia nguo kwao, nikapiga magoti nikabana upindo wa sketi kwa pini zangu mwenyewe, kitambaa cha mgomo mkononi, na wauzaji wao wamesimama midomo wazi. Alipoondoka hakunishukuru. Wala sikutaka anishukuru, maana hata mimi nisingeshukuru.

Duka limeuzwa vilevile, jioni ileile. Ila wametuahidi kwa maandishi kwamba hatatolewa mtu mwaka huu, na Nanami amelia kwa furaha mpaka vipodozi vyake vyote vikachuruzika.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa wifi. Naomba usimgombeze. Aliniona kwenye televisheni na kile kitambaa, akashindwa kujizuia. Aliniambia jambo ulilomwapisha asilitamke.

Amesema siku ya pili ya mgomo wenu, mkuu wa stesheni alikuja nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na treni ya mizigo iliyotakiwa ifike Tokyo. Akakuahidi kwamba ukiiendesha, utarudi nayo, na dada yako atapanda humo. Wewe ulikuwa umeshavaa viatu. Wifi alikuwa jikoni akichemsha uji wa mgonjwa, akamsikia baba nyuma ya mlango wa karatasi, kwa sauti ambayo hakudhani bado anayo: "Kunio, vua viatu. Wenzako wako kwenye baridi. Mitsue ataelewa."

Ukavua. Na baada ya maziko ukamwambia wifi, "Mwache anichukie mimi. Mimi nipo, nitavumilia. Baba hawezi kujitetea."

Nilikaa chini sakafuni na simu mkononi. Nilimkasirikia baba, sikufichi, nilimkasirikia sana, yeye aliyetandika reli maisha yake yote akaniacha nikae juu ya sanduku. Kisha nikamwona yule mwanamke wa Niigata, na mimi nikisema hapana, tusifungue. Hakuna aliyeniambia niseme vile. Nilisema kwa kinywa changu, nikijua inavyouma.

Kaka, nakuja. Nitafika siku moja kabla ya kumbukumbu ili nimsaidie wifi kupika. Salamu zangu kwake, kwa watoto na wajukuu, na kwa majirani walionizoea nikipita mbio. Uniwekee nafasi mbele, bega kwa bega na wewe. Nitamwambia baba mwenyewe, mbele ya picha yake, kwamba nimeelewa. Kisha nitakugeukia wewe, na hapo sijui nitasema nini. Nisipoweza kusema kitu usinisaidie. Ningoje tu.

Dada yako,
Mitsue