Mto wa Ami Msellem

Jumapili, 3 Mei 1959

Sijamwambia mtu, hata Mama: ule mto wanaomsifia Ami Msellem Wete nzima nimeutengeneza mimi.

Basi. Nimeandika. Dari haijaniangukia.

Mto wenyewe hauna maji. Umelala juu ya ubao wa futi nne, na kazi yake ni kupita katikati ya meza ya Bwana Pelham, mpima ardhi. Mtu mzima yule, ana masharubu, ana mke Ulaya, ana gari ya serikali — na kila Jumamosi anacheza vita na vijiaskari vya madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba! Ana vilima, ana nyumba, ana daraja. Mto alikuwa nao wa kitambaa cha buluu, akauonea haya. Akamwendea Ami, seremala bora wa mtaa wetu wa Jadida (msemaji ni Ami mwenyewe). "Fundi, mimi nataka mto kweli kweli."

Ami akachonga mfereji, akaupaka rangi ileile ya buluu anayopakia milango. Ukawa mlango ulioanguka. Akaukasirikia, akautupa uani, akaenda kusali Alasiri. Mimi nimemaliza darasa la nane tangu Disemba na kazi yangu duniani ni kupepeta mchele. Nikauokota.

Jumatano, 6 Mei

Niandike nilivyofanya, maana Ami ameshasahau kwamba si yeye.

Kwanza nilikwangua buluu. Mto gani wa buluu? Nikapaka udongo uliochanganywa na gundi. Kila kona ukingo wa nje nikauinua, wa ndani nikauachia fungu la mchanga, niliouchekecha kwa kipande cha mtandio mkuukuu. Chini kahawia iliyokoza, ikififia kuelekea kando. Juu yake vanishi ya spiriti, nyembamba kama pumzi, tabaka baada ya tabaka, siku saba, mpaka maji yakapata kina. Nyasi ni nyuzi za makumbi ya nazi. Mizizi ya mikoko ni makonyo ya karafuu. Kaa sikuwatia. Hata mimi nina mpaka.

Ami alipouona aliugusa kwa kidole.

"Nani kafanya?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Basi nyamaza," akasema, kana kwamba nilikuwa napiga kelele.

Leo baraza ilijaa wapongezaji. "Yakhe, we fundi! Nusura n'vue viatu nivuke!" Na Ami, kwa unyenyekevu mkubwa: "Mazoea tu." Mazoea! Mama akanigeukia: mtazame ami yako alivyo na akili, wewe kutwa uko uani unachezea matope.

Jumamosi, 9 Mei

Makubwa.

Nassor, karani wa Bwana Pelham, kaja mbio karakanani kwa Ami. Mlango tu ndio unaotenga karakana na chumba changu, nikasikia yote. Nassor ndiye adui. Yaani kila Jumamosi anatakiwa akae upande wa pili wa meza ashindwe. Miaka miwili anashindwa, hodari kweli kweli.

Sasa, kosa langu. Ukingoni nilitia ukanda wa tope jeusi, na juu yake mstari wa majani makavu, pale yanapofika maji yakijaa. Mito yote ninayoijua iko hivyo: asubuhi unavuka kwa miguu, adhuhuri huioni miguu. Sikujua kwamba iko mito isiyojaa wala kupwa. Kitabu cha jiografia hakikuona haja ya kutaja.

Nassor naye ni wa hapahapa. Akautazama ule mstari, akasema bila kufikiri: "Bwana, maji yamepwa. Askari wangu wanavuka." Akawavusha wote themanini juu ya tope, akateka kilima.

Kushinda kwenyewe kukamtia homa. Anasema alishajiona kahamishiwa kisiwa kisicho na watu. Bwana Pelham akainuka. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya mto wangu — mto wa Ami, samahani — halafu akacheka, akapiga meza, farasi wake wote wakaanguka. Vita ilikuwa ya Ujerumani. Ujerumani, kumbe, hakuna mikoko.

Sasa anaandika sheria za maji kujaa na kupwa. Na Jumamosi ijayo analeta wageni wawili kutoka Unguja, wamwone fundi akifanya kazi kwa macho yao. Wanataka mtu wa kutengeneza visiwa vyote, Unguja na Pemba, vilima na mito, kwa ajili ya maonyesho. Miezi sita huko Unguja, atakayechaguliwa aende na jamaa zake.

"Karibuni!" akasema Ami kabla hajafikiri.

Nassor alipoondoka nilisikia patasi ikianguka.

Jumapili, 10 Mei

Ami kaniita uani. Kasema huku anatazama ukuta: "Mwanapili, utanifundisha."

Nikasema ndiyo. Ndilo neno langu.

Jumanne, 12 Mei

Mkono wa Ami umezoea milango. Anapaka vanishi kama anayepaka chokaa nyumba ya shehe.

"Nyembamba, Ami."

"Hii ni nyembamba."

"Hiyo inatosha mashua."

Sijui nilipata wapi ulimi. Akanitazama. "Mwalimu gani wewe, unafundisha kwa kunong'ona?" Kisha akacheka, tukaanza upya. Nimemwonyesha rangi, mchanga, nyasi, brashi ya kulazia rangi na brashi ya kudonolea vitone. Anashika, polepole. Alipoona mto wake wa kwanza unaanza kung'aa alifurahi kama mtoto, nami nikafurahi naye, nikasahau kuogopa, nikasema harakaharaka: "Ami, nataka twende sote Unguja. Nikafanye mimi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwanangu, mtoto wa kike akachonge kisiwa mbele za watu? Na mchele atapepeta nani?"

Kweli. Visiwa vinaweza kungoja. Mchele je?

Alhamisi, 14 Mei

Kashajua. Mto wake unapita. Nimeusifu.

Mama anamfulia kanzu za safari. Ami atakwenda na binamu yake, amkamatie vifaa. Binamu huyo hajui kukamata hata kikombe. Mvua tangu juzi.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika juu ya goti, upesi. Wako karakanani, hapo nyuma ya mlango: Bwana Pelham, wageni wawili, Nassor.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Hata chumvi imelowa. Ami alianza vizuri. Akaeleza rangi — maneno yangu, mpaka "nyembamba kama pumzi" kalisema! Akapaka vanishi mkono laini kabisa. Wageni wakasogea. Nami nikasogea, jicho kwenye ufa.

Mto ukaanza kuwa mweupe. Kwanza kando, halafu wote. Mto wa tui.

"Fundi," akasema Bwana Pelham, "huyu iko mto ya maziwa?"

Hakuna aliyecheka. Nassor akakohoa kwa niaba ya serikali. Ami akasema mto lazima upumzike kidogo, akaingia huku ndani, jasho linamtiririka.

"Mwanapili, umekuwaje?"

Najua umekuwaje. Ubao ulikuwa wa baridi, umenyonya unyevu, vanishi ikaganda nao. Upanguswe kwa spiriti, uachwe, upashwe moto taratibu, upakwe tena. Nusu saa. Lakini kupashwa ni mkono: ukizidi unapasuka, ukipungua ni tui tena.

"Naweza kuurudisha," nikasema. "Kwa kuelekeza siwezi. Mpaka niushike mwenyewe."

Mama alikuwa kasimama na sinia la kahawa. Kasikia yote. Akatazama kucha zangu zilivyo na kahawia, akamtazama Ami, akatazama kucha tena. Akaweka sinia chini. Akatungua buibui lake msumarini, akanirushia.

"Vaa. Kahawa inapoa."

Ami akajipangusa jasho kwa kanzu. Akatoka. Namsikia sasa hivi, sauti kavu: "Ngojeni kidogo. Anakuja mwenye mto."

Mwenye mto! Buibui nimeshalivaa. Kabla ya Adhuhuri Jadida nzima itajua, kwa hiyo siri niliyokupa ukurasa wa kwanza imekwisha, daftari langu, usihangaike nayo tena.

Ila liko jingine. Jumanne nilimfundisha Ami yote, isipokuwa kuupasha ubao kabla ya vanishi, siku ya mvua. Sikusahau. Nilitazama wingu, nikafungua mdomo, nikanyamaza. Na leo jiko la makaa nimeliwasha mapema, kabla wageni hawajafika, nikaliweka tayari nyuma ya mlango.

Ananiita mara ya pili. Hilo, tafadhali, lisitoke humu.