Kanda ya Kumjibu Jirani

Dada Zuhura,

Salamu za mapenzi kutoka Mji wa Kale, kwenye joto na mahamri.

Leo nimekwenda kwa DJ anayechanganya nyimbo kwenye kanda. Nikadhani ataniuliza tunapenda zipi. Wapi! Akauliza, “Jirani yenu nani? Kanda husikilizwa zaidi na jirani.” Nikamtajia Bi Rukia wa hapo Lamu, anayetupigia nyimbo za mafumbo dirishani tangu Idi. Akacheka hadi akapaliwa na kahawa. Kumbe kanda ile kaitengeneza yeye! “Basi zake nazijua zote,” akasema. “Nitakuchagulia za kumjibu, wimbo kwa wimbo.”

Naja nayo Ijumaa. Mola akutunze, dada yangu. Nunua betri mpya za redio, na lile dirisha linalokwama, litie mafuta.

Mdogo wako,
Saida