Filimbi Tatu Fupi

Jumatatu, 14 Julai

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na mameneja tisa. Bei ya mkonge ilikufa, mimi nikabaki. Shamba likafungwa, mimi nikabaki. Likafunguliwa tena, likanikuta nimekaa hapa hapa kambi namba mbili, ukishapita Ngombezi. Meno sita. Macho mazuri. Masikio mazuri kuliko ya vijana wote wa kiwandani, nasema wazi.

Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni. Nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa wanne.

Leo kama kila siku. Uji, halafu kiti mlangoni, halafu kusikiliza korona. Korona ni mashine ya kukamua majani ya mkonge. Tuliiita hivyo kabla ya ule ugonjwa na hatubadilishi. Imewashwa saa moja kasoro dakika nne. Mwanangu Hamisi ni mtu wa saa. Alijifunza kwangu.

Alhamisi ya wiki ijayo wakubwa wanakuja kutoka mjini kuchagua meneja mkuu. Aliyepo anastaafu. Wanaotajwa ni wawili. Hamisi, na kijana wa ofisini mwenye digrii mbili na viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye shamba la mkonge. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Hamisi atapata. Nimeshaamua.

Jumatano, 16 Julai

Niandike jinsi mtu anavyopanda cheo, maana wale wanaozungumza uongozi redioni hawajui kitu.

Nilitoka Handeni kwa miguu sina hata ndevu. Nikaanza kukata mkonge. Nikahamia kubeba. Nikawa mlishaji, yule anayepanga majani yaingie kwenye ngoma yenye visu. Kazi ya watu wenye akili. Asiye na akili anarudi kwake amepungua. Kisha nyapara wa korona, nikapewa filimbi. Kisha nyapara mkuu, filimbi shingoni, miaka kumi na tisa. Kambi zote ziliamka kwa pumzi yangu.

Moja ndefu, washa. Tatu fupi, zima upesi kuna hatari. Ile ndefu nimepiga mpaka mashavu yakalegea. Tatu fupi sikupiga hata siku moja. Kwa hilo wakubwa walinipenda, na kwa hilo nikafika nilipofika.

Hamisi alianza chuo cha ufundi. Akawa karani wa mizani, akawa msimamizi wa kiwanda, sasa anakaimu umeneja msaidizi. Imebaki ngazi moja. Sheria yangu anaijua tangu mtoto: mkubwa akija, mashine izunguke.

Filimbi ipo kwenye msumari juu ya kitanda changu. Siku hizi wanatumia king'ora cha umeme. Kinalia kama mbuzi.

Alasiri nimesikia kitu kwenye korona. Kama mtu anayetembea na kokoto ndani ya kiatu. Kikapotea.

Ijumaa, 18 Julai

Kokoto imerudi. Asubuhi mara mbili. Baadaye sikuhesabu.

Hamisi alikuja baada ya swala, na mkewe Mwanahawa amebeba makande. Akanipa shikamoo, hakukaa. Mtu wa miaka hamsini anasimama mlangoni kama anangoja kuchapwa.

"Baba, mashine unaisikia?"

"Naisikia. Nzima."

Uongo. Nimeuandika nilivyousema.

Akasema fundi anadhani ni beringi ya upande wa ngoma. Kuifungua ni siku saba, nane. Wakubwa watakuta kiwanda kimelala na yule wa viatu vyeupe atawatembeza yeye, awaonyeshe makaratasi.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi sikuzima. Ndiyo maana nilikuwa mimi."

Akaitazama filimbi muda mrefu.

"Na Mzee Paulo je?"

Nikamwambia makande yanapoa.

Nimekasirika mpaka sasa. Nani kamtajia Paulo? Mwanahawa aliondoka bila kuniaga. Si kawaida yake.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekuja Handeni kwa gari la asubuhi. Kwetu mtu akipata kiti kikubwa, wazee waliolala wanapewa habari. Unakwenda kaburini jioni, unamwaga maji, unaweka unga kichuguu kidogo, unamtaja mtu na kiti chake. Asubuhi unakwenda kutazama. Kichuguu kikikutwa kizima, wamepokea. Shehe hapendi. Mimi nafanya vyote viwili, swala na hili.

Dada yangu Mwanaidi alinikatalia unga.

"Kaka, mtoto hajakaa kwenye kiti, wewe tayari unatoa taarifa?"

"Ni kama amekaa."

"Wazee hawaambiwi 'ni kama.' Unawaita waje kutazama kitu ambacho hakipo. Wakifika wakikosa, watatazama kingine."

Nikamwambia yeye ni mwoga tangu akiwa mdogo, alikuwa anaogopa hata bata. Akasema bata yule alikuwa mkali na mimi mwenyewe nilipanda juu ya kinu. Nikanunua unga dukani. Nikaweka. Nikasema kwa sauti: Hamisi, mjukuu wenu, meneja mkuu. Hakukuwa na upepo.

Jumapili, 20 Julai

Kichuguu kimebomoka. Shimo katikati, kama mtu ameingiza ngumi.

Nimesema ni mbuzi.

Mwanaidi akasema mbuzi wote waliuzwa mwaka jana, na jirani hafugi. Nikasema basi kuku. Alinifungia muhogo wa safari, akaufunga kwa leso yake mwenyewe, kama anayesindikiza mtu wa msiba.

Nimefika kambini jioni. Jumapili kiwanda hakifanyi kazi. Nimekaa mlangoni. Hakuna sauti, lakini kokoto naisikia.

Jumanne, 22 Julai

Leo hata watoto wanaisikia. Wanaiiga wakienda shule. Tak, tak-tak. Wanacheka.

Nimekwenda Kilole kwa Paulo. Miezi minane sijafika. Paulo baba yake alikuja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Tabora. Tulilisha korona pamoja, yeye kushoto mimi kulia. Nikawa nyapara, yeye akabaki mlishaji. Ana mkono mmoja. Nilimkuta anapukuchua mahindi, amebana gunzi kwa miguu.

"Mzigua! Nilidhani tumeshakuzika, nikawa najiuliza mbona sikualikwa pilau."

"Mnyamwezi, wewe utakufa kabla yangu ili nikuchagulie kaburi lenye mawe."

Huo ndio utani wetu. Tukacheka. Nikamweleza habari za Hamisi na kiti. Kisha nikamwambia mashine inapiga. Akauliza inapigaje. Nikagonga kwenye stuli kwa kidole. Tak, tak-tak.

Aliacha mahindi. Kile kipande cha mkono kilichobaki kikatikisika ndani ya shati, chenyewe.

"Nani anasimama upande wa ngoma siku hizi?"

"Binti wa kambini. Neema."

"Ana mikono miwili?"

"Miwili."

"Haya," akasema. Akaendelea kupukuchua. Hakunitazama tena mpaka nikaondoka.

Jumatano, 23 Julai

Hamisi alipita asubuhi. Hakuuliza tena. Alisema, "Baba, kesho itazunguka." Nafasi nilikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi, mtoto amesimama mbele yangu. Nikasema, "Vizuri."

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuandika.

Siku ile pia walikuja wakubwa. Mimi nilikuwa nyapara wa korona, natafuta kuwa nyapara mkuu. Paulo aliniambia asubuhi, ngoma inapiga, puliza filimbi. Akaniambia tena saa nne. Nikamwambia alishe. Wakubwa walikuwa wamesimama hatua kumi kutoka pale, wananitazama mimi. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Mdomoni kabisa. Ngoma ikaruka, mnyororo unaovuta majani ukamshika mkono ukaondoka nao.

Ofisini wakauliza kulikuwaje. Nikasema Paulo alikuwa amelewa.

Paulo alikuwa haonji hata togwa iliyochacha. Akafukuzwa bila kitu. Mwezi ule ule nikapewa unyapara mkuu.

Hiyo ndiyo ngazi yangu. Nyingine zote nilizoandika juu ni kweli, lakini iliyonifikisha ni hiyo.

Nimeishusha filimbi kutoka kwenye msumari. Imeota kutu mdomoni. Nimeisugua kwa mchanga. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika usiku huu huu.

Magari matatu yalipita saa tatu. Nikakaa. Nikanywa uji. Mashine ilikuwa inapiga tak-tak, tak-tak, kokoto zimekuwa mbili. Nikainuka. Fimbo. Filimbi kwenye mfuko wa shati.

Mlinzi wa getini akasema, "Shikamoo mzee, leo hairuhusiwi." Nikamwambia nilikuwa naingia humu baba yake hajapata mchumba. Nikapita.

Wakubwa wanne, kofia ngumu nyeupe. Hamisi anawaeleza, anapaza sauti kwa sababu ya mashine, jasho linamtiririka na baridi hii ya Julai. Yule wa viatu vyeupe nyuma yake. Neema upande wa ngoma, mikono inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Hatua kumi. Nilizipima kwa macho. Zile zile.

Hamisi akaniona. Akatikisa kichwa kidogo. Usije baba. Au alikuwa anasema njoo. Sijui mpaka sasa.

Nikapuliza. Haikutoka kitu. Mate yamekauka. Mkubwa mmoja alianza kutabasamu, mzee na filimbi yake. Nikalamba midomo. Nikapuliza tena.

Tatu fupi.

Fundi wa swichi ni mtoto wa kambi hii. Utotoni walicheza mchezo wa filimbi yangu, mmoja nyapara, wengine mashine. Hakugeuka hata kutazama nani kapuliza. Mkono wake ulijiendea, akakata umeme. Na Neema akaruka nyuma. Mama yake alimfundisha maana ya tatu fupi, nimeambiwa baadaye.

Ngoma ilikuwa bado inajizungusha kwa uzito wake ilipoachia. Ikashuka upande mmoja kama ng'ombe anayepiga magoti. Kisu kimoja kiling'oka, kikapita pale aliposimama Neema, kikatoboa bati la ukuta. Mwanga ukaingia kwenye tundu.

Maji tu ya kuoshea nyuzi yalikuwa yanadondoka.

Mkubwa wao akamuuliza Hamisi, "Ulijua?"

"Nilijua tangu Ijumaa."

Basi. Hakusema baba yangu aliniambia. Hakunitupia. Nikasogea mimi, nikasema, "Ni mimi niliyemwambia asizime." Yule mkubwa akanitazama kwa adabu nzuri kabisa.

"Mzee, tunashukuru. Lakini hatukukuuliza wewe."

Ijumaa, 25 Julai

Kiti amepewa wa viatu vyeupe. Waliandika kwamba Hamisi alijua hatari akanyamaza. Ni kweli. Angezima Ijumaa ile aliponiuliza, wakubwa wangekuta kiwanda kimelala na beringi mbovu mezani, na mtu wa kuwaeleza. Labda kiti kingekuwa chake. Labda kisingekuwa. Nilimfundisha njia yangu na njia yangu ndiyo iliyomwangusha.

Amerudishwa usimamizi wa kiwanda.

Mwanahawa hakuleta chakula leo. Nimekula muhogo wa Mwanaidi, mkavu.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda Kilole. Nilivaa kanzu. Paulo alikuwa ametoka kanisani, amekaa kibarazani na shati jeupe, mkono mtupu wa shati umekunjwa kwa pini. Sikuanza utani. Nikamwambia lote. Filimbi ilikuwa mdomoni. Ofisini nilisema umelewa.

"Najua," akasema. "Karani alinisomea maneno yako siku ile ile."

Miaka yote hiyo. Pilau zote tulizokula pamoja, vicheko vyote.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uchoke. Mzigua hachoki upesi."

Tukakaa. Mkewe akaleta chai. Nilitaka kumwachia filimbi, akaikataa. Akasema aifanyie nini, hana kiwanda. Nimerudi nayo. Ipo msumarini.

Jioni Hamisi alikuja. Akatoa shikamoo, safari hii akakaa, chini, kwenye kizingiti. Korona imefunguliwa, vipande vimetandikwa uani kiwandani, hakuna sauti mpaka mwisho wa wiki. Nilisikia jogoo wa kambi namba tatu. Sikuwahi kujua kwamba anasikika mpaka hapa.

Haya niliyoandika ni kweli. Yale ya zamani anayajua Paulo, Kilole, nyumba yenye bati jekundu. Ya Alhamisi anayajua Neema, binti anayesimama upande wa ngoma. Ana mikono miwili.